Ushahidi Ulio Katika Pengo

Sehemu kubwa ya maada ya ulimwengu haitoi mwanga wala haiuzuii. Tunaijua kwa nguvu yake ya mvutano tu, inayoonekana katika mzunguko wa galaksi. Makadirio ya leo yanaipa maada hiyo ya giza takriban mara 5 ya maada ya kawaida. Kitu cha namna hiyo kitatafutwaje kwa mashine? Katika handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, maabara ya CERN hugonganisha protoni zinazokaribia kasi ya mwanga. Chembe ya giza ikizaliwa hapo, itapenya kuta za kigunduzi bila kuacha alama. Kitakachoiumbua ni hesabu. Kabla ya kugongana, protoni husafiri karibu kwenye mstari mmoja, hivyo momenta ya kwenda pembeni, yaani zao la tungamo na mwendo, ni sifuri. Baada ya mgongano, jumla ya momenta hiyo kwa vipande vyote lazima ibaki sifuri. Kigunduzi kikionyesha fungu la chembe likichomoka kushoto, na kulia pakiwa patupu, kuna kitu kimeondoka bila kuaga.

Lakini pengo halimtaji aliyeondoka. Nutrino, chembe zinazojulikana tayari, nazo hutoroka vivyo hivyo, na mwaka 1984 matukio ya aina hii katika jaribio la UA1, hapo hapo CERN, yalizua matumaini ya chembe mpya, kumbe fizikia iliyokwisha kujulikana ilitosha kuyaeleza. Kinga dhidi ya kosa hilo ni kuhesabu kinachoonekana ili kukijua kisichoonekana. Chembe iitwayo Z huweza kuvunjika kuwa jozi ya nutrino, au kuwa jozi ya chembe za muoni, ambazo kigunduzi huziona vizuri. Kwa kila jozi 1 ya muoni kuna takriban jozi 6 za nutrino. Muoni zikishahesabiwa, mapengo ya nutrino yanajulikana idadi, na chembe mpya inabaki kutafutwa katika ziada. Hadi sasa hakuna ziada iliyothibitika.

Je, fedha za utafutaji huu zimepotea bure? Zingepotea kama ukimya huu usingefuta kitu. Chembe ya Higgs, iliyogunduliwa mwaka 2012, ingeweza kuvunjika kuwa chembe za giza. Vipimo vya kigunduzi cha ATLAS vimeonyesha kuwa mivunjiko yake isiyoonekana haizidi takriban asilimia 11, na nadharia zilizotaka zaidi ya hapo zimekosa pa kusimama. Pingamizi zito ni jingine: chembe iliyotoroka imethibitisha tu kwamba iliishi kitambo cha kukivuka kigunduzi, ilhali maada ya giza imedumu miaka zaidi ya bilioni 13. Ni kweli, ndiyo maana mashine hii haiwezi kutoa hukumu peke yake. Chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, vigunduzi vingine vinaingoja chembe ya giza ifike yenyewe kutoka angani. Tungamo litakalokokotolewa CERN likilingana na litakalopimwa huko, hapo ndipo pengo litakapopata jina.