Usitupe Mbachao: Printa Kuukuu na Kompyuta ya Linux



Kikundi kinachoendeshwa vizuri hakiwezi kukosa karatasi. Kuna kumbukumbu za mkutano, orodha ya wanachama, fomu za mikopo na barua za kwa chifu. Tena kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kikundi kinachotaka cheti lazima kiwe na katiba yake, na kumbukumbu za kikao kilichoamua kujisajili. Wengi wetu tunachapisha haya yote saiba.

Hapo tunalipa mara mbili. Kwanza ni pesa. Tuseme saiba inatoza shilingi 10 kwa ukurasa, na kikundi kinachapisha kurasa 40 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 400 kila mwezi, yaani shilingi 4,800 kwa mwaka, na nauli ya matatu hujahesabu. Pili ni siri ya watu. Orodha ya wanachama ina nambari za vitambulisho na madeni ya kila mmoja, na ikishafunguliwa kwenye kompyuta ya saiba, mara nyingi inabaki humo.

Huku nyuma, hoteli, shule na ofisi zinabadilisha mashine. Printa ya zamani inawekwa stoo, au kikundi kinapewa bure. Kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Lakini nyingi ya hizo zinaweza kutumia Linux. Hii ni programu kuu ya kuendesha kompyuta, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Ni ya bure, na aina zinazofaa wanaoanza ni kama Linux Mint na Ubuntu.

Swali ni hili: je, printa kuukuu na Linux zitaelewana?

PRINTA INA LUGHA YAKE

Mhubiri mgeni akija Kinango bila kujua Kiduruma, anahitaji mkalimani. Kompyuta na printa ni vivyo hivyo. Mkalimani wao ni programu ndogo inayoitwa draiva. Kwa hiyo kabla ya kupokea printa, uliza inazungumza lugha gani. Tunaweza kuzigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile zenye lugha inayojulikana kote, kama PCL au PostScript. Mfano ni HP LaserJet 1100 na 1200. Hizi Linux inazielewa bila shida. Pia Epson LX-300, ile ya utepe inayopiga kelele, ina lugha ya zamani inayojulikana, na inafaa kwa risiti.

Fungu la pili ni zile zinazohitaji kukumbushwa kazi yao. HP LaserJet 1020 ni mfano. Kila ukiiwasha, kompyuta lazima iipelekee programu yake ya ndani, maana yenyewe haihifadhi. Inafanya kazi na Linux, lakini mara ya kwanza unahitaji intaneti.

Fungu la tatu ni zile zenye lugha ya siri ya kampuni. Canon LBP2900 inatumia lugha iitwayo CAPT, na kuiunganisha na Linux ya leo kunasumbua hata mafundi. Ukipewa hiyo, shukuru, lakini usiinunulie tona kabla hujaiona ikichapa.

HATUA ZA KUFUATA

1. Angalia waya. Printa nyingi zina tundu la USB la mraba. Zile za zamani zaidi zina tundu pana la waya mnene wenye pini 25 upande wa kompyuta. Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo, basi tafuta waya wa kubadilisha kutoka hilo kwenda USB.

2. Jaribu printa peke yake kwanza. Iwashe bila kuiunganisha na kompyuta. Nyingi zina kitufe cha kutoa ukurasa wa majaribio. Ikishindwa hapo, ubovu si wa Linux.

3. Iunganishe na kompyuta, uiwashe, ungoje dakika mbili. Mara nyingi Linux Mint na Ubuntu huitambua zenyewe. Ukiiona kwenye orodha ya printa, chapa ukurasa wa majaribio. Ikitoka safi, kazi imekwisha.

4. Isipoonekana, fungua dirisha la kuandikia amri, uandike: lsusb. Ukiona jina la printa katika orodha, waya ni mzima na tatizo ni mkalimani. Usipoliona, badilisha waya au tundu.

5. Weka wakalimani. Ukiwa na intaneti, andika: sudo apt install cups hplip printer-driver-gutenprint. CUPS ndiyo programu inayosimamia uchapishaji katika Linux. HPLIP ni ya printa za HP, na Gutenprint ina draiva za Epson, Canon na nyinginezo nyingi.

6. Kwa HP, andika kisha: hp-setup -i. Jibu maswali moja moja. Ikiomba kushusha nyongeza, kubali. LaserJet 1020 haifanyi kazi bila nyongeza hiyo.

7. Kwa nyingine, fungua Firefox, uandike juu: localhost:631. Huu si ukurasa wa intaneti, uko ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Bonyeza "Administration", kisha "Add Printer". Weka jina lako na neno la siri la kompyuta, chagua printa, halafu chagua aina yake. Usipoiona aina yenyewe kabisa, jaribu iliyo karibu nayo ya kampuni hiyo hiyo.

IKIGOMA BAADAYE

Tatizo la kawaida ni hili: mtu alichapa wakati printa imezimwa, Linux ikaisimamisha. Unaiwasha, nayo kimya. Rudi localhost:631, bonyeza jina la printa, chagua "Resume Printer". Futa pia kazi za zamani zilizopanga foleni, la sivyo zitatoka zote pamoja na kumaliza karatasi.

Jambo jingine: wanaotengeneza CUPS wametangaza kwamba toleo la 3 litaacha njia ya zamani ya draiva. Basi printa yako ikishafanya kazi, usikimbilie kubadilisha toleo la Linux kabla ya kuuliza anayejua.

PWANI YETU NA STIMA YETU

Hewa ya pwani ina unyevu, hasa wakati wa masika. Karatasi ikilowa inajikunja na kukwama. Ifunge ndani ya nailoni, utoe unazotaka kutumia tu, uzipepete kabla ya kuziweka. Printa ya wino ichape hata ukurasa mmoja kila wiki, ama wino utakauka mdomoni.

Printa ya leza inachoma tona kwa joto, kwa hiyo inavuta stima nyingi kwa ghafla. Usiichomeke kwenye betri ya akiba ya kompyuta wala sola ndogo ya taa. Ya wino au ya utepe inatumia umeme kidogo, na ndiyo inayofaa penye sola.

PIGENI HESABU KABLA YA KUPOKEA

Printa ya bure inaweza kuwa na tona ghali. Tona ya 12A, inayoingia LaserJet 1010, 1020 na 1022, imepimwa kutoa kurasa kama 2,000. Tuseme mnaipata kwa shilingi 2,500: ukurasa mmoja ni shilingi 1 na senti 25, na karatasi juu yake. Mlinganishe na saiba. Ikiwa tona yake haipatikani Ukunda wala Mombasa, msiipokee.

Mwisho, ujuzi usikae kwa kijana mmoja. Akipata kazi Nairobi, je? Wafundishwe angalau watu wawili, na hatua zilizofaa ziandikwe daftarini kwa katibu, pamoja na jina la printa na la draiva. Yesu alipowalisha maelfu aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee kitu. Nasi tunavyo vipande vyetu stoo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mwezi uliopita tulichapisha kurasa ngapi, na kwa shilingi ngapi?
2. Nani ana printa au kompyuta isiyotumika, na ni ya fungu gani kati ya yale matatu?
3. Ni karatasi gani za wanachama hazifai kufunguliwa tena saiba?
4. Ni wanachama gani wawili watakaojifunza, na ni nani atakayeandika hatua daftarini?