Avansi ya motopompe: namna ya kununua mashini ya okazio bila kuliwa makuta

Makuta yalitoka saa nne ya asubuhi. Saa nane, simu ya muuzaji ilikuwa imefungwa.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2024. Koperative moja ya wakulima wa Kabare, ambayo hatutaitaja jina, ilikuwa imeingia saizoni C. Wanachama walikuwa wamelima bonde, wamepanda mashu, nyanya na lengalenga, na jua lilikuwa limeanza kukaza. Mwaka mzima walikuwa wanachanga kidogo kidogo ili wapate motopompe. Bei ya mashini mpya iliwashinda. Ndipo kijana mmoja wa koperative akaona tangazo katika grupu ya WhatsApp ya biashara za Bukavu: motopompe ya okazio, dola 180, picha nne nzuri, muuzaji yuko Ibanda, karibu na soko la Nyawera.

Kijana akamwita muuzaji kwa simu. Muuzaji aliongea kwa heshima, akauliza hata habari za mashamba. Kisha akasema: «Mashini iko muzuri, haina hata fuite. Lakini kuko watu batatu banaitaka. Mutume avansi ya dola 120, nitabawekea.»

Mama kesye alituma dola 120 kwa simu. Wanachama wawili wakateremka Bukavu na dola 60 zilizobaki. Walipofika Nyawera, muuzaji akawaambia waende Feu Rouge. Walipofika Feu Rouge, akawaambia wamngojee Nguba. Huko Nguba akasema mashini ingali Goma, itafika kesho na boti. Kisha simu ikafungwa. Mpaka leo haijafunguliwa.

Mwizi aliiba mara mbili

Tulialikwa katika mkutano wa koperative siku ya Jumapili iliyofuata. Tulidhani tungeongea juu ya namna ya kumtafuta mwizi. Lakini maneno yaligeukia kwingine. Mzee mmoja aliinuka akauliza: «Mama kesye, huyu mutu ulimujua wapi?» Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine dola 120 ziligawanywa. Hakukuwa na PV iliyoruhusu malipo. Hakukuwa na karatasi yenye sahihi ya mtu wa pili. Mama kesye alikuwa ameambiwa kwa mdomo tu «tuma mbio», akatuma. Sasa wale waliomwambia walikuwa wamenyamaza.

Alilia mbele ya watu wote. Wanachama wengine walisema hawatachanga tena mpaka jambo hilo lieleweke. Kwa wiki tatu watu walimwagilia kwa bidoni na arozwari, na mistari ya mashu iliyokuwa mbali na maji ikakauka.

Hapo ndipo tulipoelewa hasara ya kweli. Dola 120 ni hasara, ndiyo. Lakini mwizi wa kwenye simu anaiba pia imani iliyo kati ya wanachama, na hiyo haina bei sokoni. Na sisi maagronomu tuna kosa letu katika jambo hili. Tulikuwa tumewafundisha kupanda kwa mistari, kutengeneza mbolea ya shimo, kupambana na wadudu. Namna ya kununua hatukuwafundisha hata siku moja. Basi tunaandika hapa yale tuliyojifunza pamoja nao.

Kwa nini anaomba avansi

Muuzaji wa uongo hana mashini. Ana picha tu, alizochukua kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kazi yake yote ni kuwazuia msije kuona. Anafanya hivyo kwa njia tatu.

Ya kwanza ni haraka. «Kuko watu batatu banaitaka» ni maneno ya kuwanyima muda wa kukutana na kuulizana. Ya pili ni bei. Anaiweka chini ya bei ya soko, lakini si chini sana, ili tamaa iwashike bila kuwashtua. Ya tatu ni safari. Mashini iko Goma, iko ndani ya boti, iko ng'ambo ya Ruzizi, imezuiliwa kwa duane na inahitaji dola 30 za kuitoa. Kila siku kuna malipo mapya, na kila malipo yanaonekana madogo kuliko yale mliyokwisha kutoa. Ndiyo sababu watu wanaendelea kutuma: wanaogopa kupoteza yale ya kwanza.

Muuzaji wa kweli anaweza pia kuwa na haraka, na si kila anayeomba avansi ni mwizi. Lakini muuzaji mwenye mashini hachukii mtu aje aione. Yule anayekasirika mkisema «tunakuja kuiona kwanza» amekwisha kuwajibu.

Kabla ya kuteremka Bukavu

Safari ya watu wawili kwenda Ibanda inagharimu nauli na siku ya kazi. Ili msiipoteze bure, ulizeni kwanza mambo haya:

1. Ombeni picha mpya ya leo. Mwambie muuzaji aweke karatasi juu ya mashini, ameandika jina la koperative yenu na tarehe ya leo, kisha apige picha. Ni kazi ya dakika mbili. Asiye na mashini hawezi kuifanya.

2. Ombeni video fupi: mota ikiwaka ikiwa baridi, na maji yakitoka.

3. Tafuteni picha zake pengine. Kijana mwenye simu ya intaneti anaweza kuipitisha picha kwenye Google Lens. Katika kesi tuliyoeleza, picha zile zile zilipatikana katika grupu nyingine, na numero nyingine ya simu, na bei nyingine. Kama mtu angetazama mapema, dola 120 zingekuwa bado ndani ya kesi.

4. Ulizeni numero ya seri iliyo kwenye mota, na iandikeni. Mtakapofika, ilinganisheni. Kama imekwanguliwa, acheni. Mashini ya wizi inaweza kuwatia taabuni ninyi walionunua, hata kama mlilipa kwa haki.

5. Patanieni mahali pa wazi, mchana, na iwe mahali mashini inapofanya kazi au inapohifadhiwa. Barabarani penye msongamano mtu anaweza kuwahamisha kutoka Nyawera mpaka Nguba bila ninyi kumwona uso.

Mkiwa mbele ya mashini

Nendeni na fundi wenu, wala msikubali fundi wa muuzaji. Bebeni pia bidoni ya maji na esanse kidogo.

Jambo la kwanza ni kugusa mota kabla haijawashwa. Kama ni ya moto, muuzaji ameiwasha mbele yenu kufika, pengine kwa sababu haiwaki ikiwa baridi. Ngojeni ipoe. Vuteni kamba polepole: lazima msikie mota inapinga. Kama kamba inakuja laini, nguvu imekwisha ndani ya silinda. Toeni kijiti cha mafuta. Mafuta meusi yanaonyesha kwamba hayajabadilishwa muda mrefu. Mafuta meupe sawa vile maziwa yanaonyesha kwamba maji yameingia. Mota ikiwaka, tazameni moshi. Moshi wa bluu usiokoma ni mota inayokula mafuta, na matengenezo yake yanaweza kupita bei mliyopewa.

Kisha jazeni pompe maji, ifungeni, iacheni ifanye kazi dakika kumi na tano. Tazameni kati ya mota na pompe. Matone yanayotoka hapo ni jointi iliyokwisha. Si lazima muache mashini kwa sababu ya jointi, lakini ni sababu ya kuteremsha bei. Angalieni pia kama krepini na matiyo vipo, maana wengi wanauza mota tu, na vingine mtavinunua kando.

Neno moja juu ya plake. Wauzaji wengi wanasoma namba za plake kama ahadi, na hapo hata muuzaji mwaminifu anaweza kuwadanganya bila kujua. Namba zile ni za mahali pa chini, karibu na usawa wa bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1460 juu ya bahari, na mabonde yetu mengi yako juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi. Mota ya esanse inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hiyo kwetu tayari imepoteza karibu sehemu moja ya sita. Na kama plake inasema pompe inavuta maji kutoka mita 7 au 8 chini, huku hesabuni mita 5 au 6 tu. Pimeni kwanza umbali kati ya maji na mahali pompe itakapokaa, ndipo muende kununua.

Makuta ya koperative hayatoki kwa mdomo

Sheria ya OHADA juu ya makoperative, iliyopitishwa tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, na ambayo nchi yetu inaifuata tangu ilipoingia OHADA mwaka 2012, inataka koperative iwe na komite ya kusimamia na pia watu wa kuangalia kazi ya komite. Wengi wetu tunaona hayo kuwa makaratasi ya kupata muhuri. Kumbe yana kazi.

Kabla ya kununua, komite iandike PV fupi: tunanunua nini, bei ya juu kabisa ni ngapi, nani wawili wanaenda, nani analipa. Sahihi ziwe angalau tatu. Malipo yafanyike mashini ikiwa mbele yenu, baada ya majaribio. Kama mnalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, soma jina la mpokeaji, ulilinganishe na karata ya mtu aliye mbele yako. «Tuma kwa numero ya ndugu yangu» si jibu. Muuzaji atie sahihi kwenye karatasi yenye jina lake, simu yake, numero ya seri na bei, mbele ya mashahidi wawili.

PV hiyo haimtishi mwizi peke yake. Inamlinda kesye. Siku mambo yakiharibika, hakuna atakayeuliza «ulimujua wapi?», kwa sababu jibu limeandikwa na sahihi za wote ziko chini yake.

Kama mmekwisha kuliwa

Msione haya, na msingoje mkutano wa Jumapili. Saa ile ile iteni kampuni ya simu mliyotumia, mpeleke numero ya malipo. Kama makuta hayajatolewa, kuna nafasi yazuiliwe. Yakiisha kutolewa, ni vigumu sana yarudi.

Msifute ujumbe hata mmoja. Wekeni picha, sauti na ujumbe wa malipo. Kodi ya dijitali ya mwaka 2023 inatambua maandishi ya elektroniki kama ushahidi. Nendeni kwa OPJ au kwa parke na ushahidi huo. Kosa hili linaitwa eskrokeri, na kifungu cha 98 cha kodi penali kinaliadhibu kwa kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka mitano. Kampuni ya simu haitawapa ninyi jina la mwenye numero, lakini parke inaweza kuliomba. Kisha wajulisheni watu wa grupu, ili numero ile isile wengine.

Waliyofanya wale wa Kabare

Dola 120 hazikurudi. Tunasema hivyo wazi, kusudi mtu asisome mashauri haya akidhani yanafufua makuta.

Lakini katika mkutano wa pili, prezidenti wa koperative alisimama akasema mbele ya wote: «Ni mimi nilimuambia mama atume mbio. Kosa ni langu pia.» Maneno hayo yalifanya kazi kuliko mashauri yetu yote. Michango ilianza tena. Mwezi wa kumi watu watatu waliteremka Ibanda na PV mfukoni, fundi pembeni, bidoni ya maji mkononi. Mashini ya kwanza waliikataa kwa sababu ya moshi. Ya pili ilikuwa inavuja kidogo. Waliijaribu, wakapatana bei, wakalipa hapo hapo, muuzaji akatia sahihi.

Mama kesye ndiye aliyelipa. Yeye ndiye bado anaweka kitabu cha kesi, na sasa kitabu hicho kina ukurasa wa sahihi.

Koperative inayotaka mfano wa PV ya kununua imuombe agronomu anayewafuatilia. Tutaijaza pamoja kabla ya saizoni C inayokuja, wakati ambapo wengi watakuwa wanatafuta motopompe, na wale wengine nao watakuwa wanatafuta avansi.