Historia Ipo Kusini mwa Kivuko

Sisi wakazi wa Shelly Beach, huku Likoni, tumezoea kuelekeza macho kivukoni, kana kwamba kila lenye thamani liko kisiwani. Walimu nao huwapeleka wanafunzi Fort Jesus, na ziara ikaishia hapo. Hilo halitoshi.

Mwandishi huyu huishika njia ya kusini. Ukishapita Tiwi, Mto Mwachema unapoingia baharini, upo msikiti wa kale wa Kongo, umezungukwa na mibuyu. Mbele yake ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Humo mgeni hujifunga shuka nyeusi na haruhusiwi kuvunja hata tawi. Kwa miiko hiyo msitu ulisalimika, na mwaka 2008 kaya za Mijikenda zikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Kisha ni Gazi, alikokaa Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895.

Mwanafunzi asiyewahi kuingia kaya hatashtuka siku itakapokatwa viwanja. Walimu, wapelekeni vijana wakaone. Wahenga walinena: mwenda bure si mkaa bure.