Anayetaka Kupungua Hana Budi Kula

Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu. Bendera ilikwisha kupandishwa, wimbo wa taifa ulikwisha kuimbwa, na naibu wa mwalimu mkuu alikuwa katikati ya matangazo yake ambayo, kama ilivyo ada ya manaibu, hayakuwa na dalili ya kukoma. Ghafla safu ya kidato cha tatu ikapasuka. Msichana mmoja alikuwa amelala kifudifudi nyasini na wenzake wamemzunguka wakimpepea kwa madaftari. Tulimbeba hadi chumba cha wagonjwa. Alipopata fahamu, matroni alimwuliza amekula nini tangu jana. Binti yule alisita, akanitupia jicho mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Chai ya rangi, Matroni. Kama Mwalimu."

Kisa hiki kinaniaibisha hadi leo, na ndiyo sababu nimeketi kitako kuwaandikia walimu wenzangu na wanafunzi.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo, daktari alikuwa amenipima shinikizo la damu akatikisa kichwa. Uzito wangu ulikuwa kilo 94, na kimo changu si cha kujivunia. Aliniagiza nipunguze uzito polepole na nimwone mtaalamu wa lishe. Neno "polepole" nililiacha pale pale kwenye kiti cha zahanati. Nilirudi nyumbani nikajitungia sheria zangu mwenyewe: kikombe cha strungi asubuhi, chungwa moja adhuhuri, na bakuli la kabeji iliyochemshwa usiku. Ukivijumlisha vyote hivyo, huenda havikufika hata kalori 500 kwa siku. Baada ya majuma matano mshipi ulinipwaya, mizani ikasema kilo 85, na wenzangu majilisini wakanimiminia sifa. Nami nikakivaa kilemba cha ukoka bila kukikagua. Siku moja nikifundisha uandishi wa insha, niliacha somo nikawasimulia wanafunzi jinsi nilivyoushinda mwili wangu. Niliwaambia kwamba njaa ni woga tu. Walicheka, wakapiga makofi. Sikujua kuwa mmoja wao hakucheka, bali alikuwa akiandika.

Yapo ambayo sikuwaambia. Sikuwaambia kuwa nilikuwa nikivaa sweta mbili wakati ambapo wenzangu walikuwa wakitafuta kivuli. Sikuwaambia kuwa nililazimika kujumlisha alama za karatasi moja ya mtihani mara tatu, na kila mara nikapata jumla tofauti, wala kwamba nilimtoa mwanafunzi darasani kwa kosa la kuangusha rula. Usiku niliota chapati. Nyumbani, watoto wangu walijifunza kunyamaza nikiingia. Nilidhani hayo yote ni uchovu wa muhula, na ni baada ya binti yule kuanguka tu ndipo nilipoanza kusoma kwa dhati juu ya jambo hili, nikakutana na habari za jaribio ambalo naamini kila mwalimu angefaidika kulijua.

Mnamo Novemba 1944, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, mtaalamu wa fiziolojia aitwaye Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani. Walikuwa watu waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya imani na dhamiri zao, nao wakajitolea kuteseka kwa namna nyingine ili ipatikane elimu ya kuwarejeshea afya mamilioni ya watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Walikaa katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa michezo wa chuo hicho. Majuma 12 ya kwanza walilishwa vya kutosha, takriban kalori 3,200 kwa siku. Kisha, kuanzia Februari 1945, chakula chao kikapunguzwa kwa muda wa majuma 24 hadi wastani wa kalori 1,570: viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi, milo miwili kwa siku, huku wakitakiwa kutembea karibu kilomita 35 kila juma.

Hebu msomaji itazame tena tarakimu hiyo. Kalori 1,570 ni zaidi ya mara tatu ya nilichokuwa nikila mimi, na inazidi kile kinachopendekezwa na mapishi mengi ya "dayati" yanayopitishwa kutoka simu hadi simu. Keys hakuiita dayati. Kitabu chake cha mijalada miwili, kilichotoka mwaka 1950, kinaiita njaa.

Na yaliyowapata vijana hao ni ya njaa kweli kweli. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua kasi, miguu ikavimba maji, nywele zikanyonyoka, na katika joto la Julai wakawa wanaomba mablanketi. Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni yale yaliyozipata akili zao. Watu hawa waliokuja na shauku ya masomo na mijadala ya siasa waliacha vitabu vyao. Mzaha ukatoweka. Waligombana kwa vitu vidogo. Mazungumzo yao yote yakawa ya chakula. Baadhi yao wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo riwaya, na mlo mdogo wakauburuta kwa muda mrefu, wakiramba sahani hadi ing'are. Niliposoma hayo nilikumbuka rula iliyoanguka darasani, na chapati za ndotoni.

Yamkini msomaji atasema kwamba hao walikuwa vijana wembamba, ilhali mtu mnene anayo akiba ya kutumia. Ni kweli, na mwenye akiba hustahimili zaidi. Lakini mwili haujui kuwa mwenyewe amekusudia kupendeza kwenye arusi ya binamu yake. Ukikatiwa chakula ghafla, huona kiangazi kimeingia, nao hufanya kama mkulima mwenye busara: hubana matumizi. Hupunguza joto, hupunguza kasi, na pamoja na mafuta huanza kula misuli yake wenyewe. Misuli ndiyo mojawapo ya sehemu zinazotumia nguvu nyingi, kwa hiyo kila inapopungua, mwili unahitaji chakula kidogo zaidi ya hapo awali. Ndipo mtu anaporudi mezani, kama ambavyo lazima arudi, hunenepa kwa chakula kile kile ambacho zamani hakikumnenepesha. Vijana wa Minnesota waliporuhusiwa kula watakavyo walikula milo ya ajabu, wakaendelea kusikia njaa, na mafuta mwilini mwao yakazidi hata yale waliyokuwa nayo mwanzo. Mwaka 2016, mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la runinga la kupunguza uzito huko Marekani. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa bado inatumia takriban kalori 500 pungufu kila siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao, na wengi wao walikwisha kurudia unene. Mimi mwenyewe, zile kilo tisa zilinirudia ndani ya miezi mitano, zikaja na mbili za ziada kama mgeni anayerudi na jamaa zake.

Sisemi kwamba unene si tatizo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya Wakenya watu wazima wana uzito uliozidi kiasi, na wanawake wakiwa wengi zaidi kuliko wanaume. Kisukari na shinikizo la damu havichekeshi. Anayehitaji kupungua na apungue. Ila apungue akiwa anakula.

Mtaalamu wa lishe niliyemwendea hatimaye, kwa aibu, alinipa hesabu ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Mtu akipunguza kalori 500 kwa siku katika chakula alichozoea, atapungua karibu nusu kilo kwa juma hapo mwanzoni, na baadaye kasi itapungua kwa kuwa mwili mdogo huhitaji kidogo. Kati ya nusu kilo na kilo moja kwa juma ndio mwendo ulio salama. Anayekimbia zaidi ya hapo hupoteza misuli na hujiweka katika hatari ya kupata mawe kwenye kibofu cha nyongo. Aliniambia pia kuwa mwanamke mtu mzima asishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku, na mwanamume 1,500, pasipo uangalizi wa daktari.

Kisha akaniuliza ninakunywa vikombe vingapi vya chai ninapokula kama kawaida. Vinne, nikamwambia, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Soda? Moja, adhuhuri. Na sukuma wiki nyumbani hukaangwa vipi? Hapo ilibidi niulize mke wangu. Kumbe kila kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16 hivi, chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban 125, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 120. Nikiacha soda, nikatia kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu, na fungu langu la mboga likapungukiwa na vijiko viwili vya mafuta kwa siku, nimekwisha kupunguza karibu kalori 500, na ugali wangu haujaguswa. Ndengu, maharagwe, omena na yai aliniamuru niviongeze, kwa kuwa protini huilinda misuli na humfanya mtu akae kwa muda mrefu bila kusikia njaa. Na nitembee. Bandu bandu huisha gogo: kilo nane za kwanza zilinichukua miezi minane, na hadi leo hazijanirudia.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya mtu mzima. Msichana wa miaka 16 anahitaji kati ya kalori 1,800 na 2,400 kwa siku kulingana na shughuli zake, na mvulana wa umri huo aghalabu huhitaji zaidi. Mifupa yao ingali inajengwa. Msichana anayejinyima huweza kukatikiwa na hedhi, kupungukiwa na damu, na kusinzia kemia ikifundishwa, kisha tukamwita mvivu. Kijana anayedhani uzito wake umezidi apelekwe kwa mtaalamu, asitungiwe sheria na mwalimu wa Kiswahili. Nasi walimu tuache kuwatania wanafunzi kwa miili yao. Nimesikia majina ya kejeli yakitoka majilisini kabla hayajafika bwenini.

Huwa ninastaajabia pia jinsi lugha yetu ilivyogeuka. Nikiwa mtoto, aliyeambiwa "umekonda" aliulizwa mara moja kama anaumwa au amefiwa. Siku hizi neno hilo hujibiwa kwa "asante".

Jioni ya siku ile, nyanyake msichana alikuja kumchukua apumzike nyumbani. Nilimpokea langoni, nikamwamkia, nikamweleza yaliyotokea pamoja na mchango wangu. Ajuza yule hakunikaripia. Alinitazama tu, akasema: "Mwalimu, mimi nilimleta mjukuu wangu aje asome. Kufunga anakujua, tunafunga nyumbani." Sikuwa na jibu.

Binti alirejea baada ya juma moja. Siku hiyo nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikalifuta somo langu la njaa hadharani. Niliwasimulia habari za vijana wa Minnesota, nikawaeleza kuhusu sweta mbili na jumla zangu zilizokataa kulingana. Walinisikiliza kwa ukimya usio wa kawaida. Kisha mkono ukainuka nyuma, mkono wake yeye.

"Mwalimu, leo umekula nini?"

"Viazi vitamu viwili, yai, na chai ya maziwa," nikamjibu.

"Na mchana utakula?"

Nikamwambia kuwa ni siku ya githeri, na kwamba nitakuwa foleni bwaloni kengele ikilia.