Maporomoko ya Rwenzori kwa siku tatu: pesa yako inaishia wapi

Marafiki wakikaa kupanga matembezi ya kuona maporomoko ya maji, swali la kwanza huwa ni kiingilio: hifadhi inatoza ngapi? Kwa anayeondoka Butembo au Beni, kiingilio ni kipande kidogo cha gharama. Pesa nyingi huliwa na barabara na mpaka, na kile kinachobaki ndicho kinachonunua saa za kutembea kando ya maji. Ndiyo maana hapa nimelinganisha safari kwa kipimo kimoja: katika siku tatu za mapumziko, utakuwa miguuni mlimani kwa saa ngapi, na kila saa hiyo imekugharimu nini?

Nianze na chaguo la karibu kuliko yote, kwa sababu kila mtu hulifikiria. Mutwanga iko chini kabisa ya Rwenzori, haifiki kilomita 50 kutoka mjini Beni. Njia ya zamani ya wapanda mlima upande wetu inaanzia pale: unatoka Mutsora, unapanda kambi ya Kalonge, halafu Mahangu, halafu Kiondo, hadi kwenye mawe na barafu. Maji yanayoshuka kutoka huko ndiyo yanayozungusha mitambo ya kituo kidogo cha umeme kilichofunguliwa na hifadhi ya Virunga mwaka 2013. Ungelala kwa ndugu, ungelipa kwa faranga, usingegongewa muhuri wowote. Kwa bei, hakuna safari inayoikaribia.

Lakini siiweki kwenye ulinganisho. Virunga ilifunga milango kwa watalii mwaka 2020, Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na vijiji vya sekta ya Ruwenzori vimezika watu wengi mno waliouawa wakienda shambani tu. Mtu akikuambia anaijua njia na atakufikisha kwenye maji kwa pesa kidogo, mkatalie, hata kama ni mtoto wa kwenu. Inaniuma kuandika hivi. Watu wa Mutwanga wana mlima mzuri kuliko wa jirani, na wao ndio wangestahili kulipwa ili wauonyeshe. Siku amani itakaporudi na hifadhi ikafungua, wa kwanza kupanda wawe wakaaji wa Beni na Butembo. Kwa sasa, urahisi wa bei hauwezi kuwekwa kwenye mizani moja na uhai.

Kwa hiyo macho yageukie upande wa pili wa mlima huohuo, ule wa Uganda. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, kutoka Beni hadi Kasindi mpakani karibu 80, na kutoka Mpondwe, ng'ambo ya mpaka, hadi mji wa Kasese zaidi kidogo ya 50. Jumla ni karibu kilomita 190. Barabara ya Beni–Kasindi imo katika mradi wa ujenzi uliozinduliwa na marais wa nchi hizi mbili mwezi Juni 2021, lakini hali yake ya usalama imebadilika mara nyingi. Kuna vipindi ambavyo magari yalipita tu kwa msafara uliosindikizwa na wanajeshi. Uliza siku ileile unayoondoka, waulize madereva wanaolala Kasindi na kuamkia Beni, na usiwe barabarani baada ya jua kuelemea magharibi. Safari ikiahirishwa kwa sababu hiyo, hesabu kwamba umepata faida.

Mpakani ndipo bajeti za wengi zinapovunjika. Viza ya kawaida ya Uganda ya kuingia mara moja ni dola 50. Kabla hujaziandika kwenye karatasi yako, ulizia DGM, yaani uhamiaji wa Kongo, pamoja na uhamiaji wa Uganda kama Mkongomani anadaiwa bado, maana nchi hizi mbili sasa zimo ndani ya jumuiya moja. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Pasipoti kama huna, usiitwike safari hii peke yake: ni karatasi utakayoitumia kwa miaka, kwa hiyo igawe kwa safari zote unazozitarajia. Na kumbuka saa. Ukivuka Mpondwe, saa yako inaruka mbele kwa saa moja. Anayeondoka Butembo saa mbili asubuhi akidhani ana mchana mzima, atagundua Kasese kwamba mchana umepungua.

Kasese ndipo ulinganisho wenyewe unapoanza, kwa sababu kutoka pale kuna milango miwili ya mlima.

Mlango wa kwanza ni Kilembe, kama kilomita 12 kutoka mjini. Ni mji wa shaba: mgodi ulichimbwa kuanzia miaka ya 1950 hadi 1982, na nyumba za wafanyakazi bado zimejipanga kwa safu kama kambi ya shule. Katikati unapita mto Nyamwamba. Angalia kingo zake kabla hujapanda: mawe makubwa kama magari madogo yamelala ovyo pale yalipoachwa na mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020, ambayo yaliharibu hata hospitali. Kuanzia hapo njia inaingia hifadhini na kupanda msitu hadi kambi ya Sine, mita 2,596 juu ya usawa wa bahari, na karibu na kambi hiyo yapo maporomoko ya Enock. Safari hii inajaza siku mbili vizuri: unapanda, unalala Sine, unayaona maji, unashuka.

Mlango wa pili ni Nyakalengija, upande wa kaskazini, penye bonde la mto Mubuku. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: si lazima uingie hifadhini. Kambi ya kijamii ya Ruboni iko nje ya mpaka wa hifadhi, na waongozaji wa kijiji wanatembeza wageni kwenye vilima, mashamba ya kahawa na kingo za mto. Ukitaka hifadhi yenyewe, mzunguko wa ziwa Mahoma unaanzia hapohapo, lakini unahitaji siku tatu za mlima peke yake. Kwa mapumziko ya siku tatu ukitokea Butembo, haiwezekani. Atakayekuuzia mzunguko huo kwa siku mbili atakuwa anakuuzia magoti yanayovimba.

Sasa bei. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, ina viwango vya makundi: mgeni wa nje analipa kwa dola, mkaaji wa kigeni naye kwa dola ila pungufu, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa kwa shilingi za Uganda, kiasi ambacho ni sehemu ndogo tu ya hizo dola. Katika orodha ya 2022 hadi 2024, mgeni wa nje alitozwa dola 35 kwa siku kuingia Rwenzori. Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya mwezi Aprili 2022. Kwa hiyo kabla hujafungua pochi, weka kitambulisho chako mezani na uulize kwa heshima: sisi mnatuhesabu kundi gani? Kwa watu wanne na siku mbili, kwa orodha hiyo tofauti kati ya mgeni wa nje na raia wa Jumuiya ilikuwa zaidi ya dola 200. Hakuna mahali pengine katika safari hii ambapo swali moja lina thamani kiasi hicho.

Kiingilio, hata hivyo, hakijumuishi mwongozaji. Kampuni zinazopandisha watu mlimani, Rwenzori Trekking Services upande wa Kilembe na Rwenzori Mountaineering Services upande wa Nyakalengija, huuza safari kwa kifurushi. Ukipewa bei, omba ivunjwe vipande: kiingilio kimo? Mpagazi? Chakula? Kitanda cha kambini? Buti za mpira? Bei inayoonekana ya juu lakini ina vyote mara nyingi ni nafuu kuliko ile ya chini ambayo kila jioni inaongezewa kitu. Ruboni unalipa kimoja kimoja, na hapo Wanande wana faida ambayo mtalii wa Ulaya hana: Wakonzo wa Kasese na Wanande wa kwetu wanasikilizana bila mkalimani. Mtapatana bei kwa lugha ya nyumbani, na mwongozaji atakueleza kwa undani habari za Kitasamba, mwenye mlima, badala ya kukariri majina ya ndege. Msitumie udugu huo kumnyonya. Mpagazi anayebeba mzigo wako kwenye matope anastahili ujira wake kamili na kitu cha juu.

Kwa asiyependa matope, kuna Fort Portal, kilomita 75 hivi mbele ya Kasese. Mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru yako nje kidogo ya mji, kwenye upande wa barabara ya Bundibugyo. Maporomoko yake si marefu, lakini unapita nyuma ya maji: pazia jeupe linaanguka mbele yako, na ndani ya pango mawe yananing'inia yakidondosha maji meupe kama maziwa. Watoro wanasimulia kwamba ni ya Nyinamwiru, binti wa mfalme Bukuku, aliyekatwa matiti ili asipate mume, na bado akamzaa Ndahura. Watoto wanaweza, wazee wanaweza, na jioni mnalala mjini kwenye kitanda cha kawaida. Kwa kipimo changu cha saa, Amabere inakupa saa mbili au tatu tu za kutembea, na umeongeza kilomita 150 za kwenda na kurudi. Kwa familia yenye watoto wadogo ningeichagua bila kusita. Kwa vijana wenye miguu, hapana.

Ya mwisho ni Sipi, jina ambalo kila mtu amelisikia. Ni kweli ni nzuri: maporomoko matatu kwenye ubavu wa mlima Elgon, lile kubwa likianguka karibu mita 100. Tena yako nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya wenyeji, kwa hiyo unalipa mwongozaji wa kijiji na mwenye shamba unalopita. Lakini ukijumlisha Butembo hadi Kasese, Kasese hadi Kampala, Kampala hadi Mbale na kupanda, umevuka kilomita 800 kwenda tu. Siku tatu zote zitaishia ndani ya basi. Sipi ni ya mtu mmoja tu: mfanyabiashara wa Butembo ambaye tayari anakwenda Kampala kuchukua mzigo. Huyo nauli yake imeshalipwa na biashara, na viza pia. Akiongeza siku mbili wakati anasubiri kontena lipakiwe, Sipi inamgharimu kidogo kuliko Kilembe inavyomgharimu mwalimu wa Beni.

Kuhusu usafiri, tufanye hesabu ya mfano na wewe uweke namba za wiki yako. Tuseme gari la kukodi lenye dereva linaombwa dola 240 kwa siku tatu. Mtu mmoja anabeba 240, wawili 120 kila mmoja, wanne 60. Ukiwa peke yako au wawili, teksi ya pamoja hadi Kasindi, miguu mpakani, kisha teksi ya Uganda hadi Kasese na bodaboda hadi Kilembe italishinda gari hilo kwa bei, tena kwa mbali. Mkifika wanne, gari linaanza kulingana na teksi, na linawapa kitu ambacho teksi haina: kuondoka mnapotaka. Ila kuvusha gari la Kongo kuna karatasi zake na ada zake. Mara nyingi nafuu ni kuliacha gari Kasindi kwa mtu mnayemwamini na kukodi jingine Mpondwe.

Dola zibebeni mpya na zisizo na mchaniko, maana noti iliyochakaa itakataliwa au itakatwa. Badilisheni pale mpakani kiasi cha kufikia Kasese tu, mkiwa wawili na mkihesabu mkononi mwenu, kilichobaki badilisheni mjini. Faranga ziacheni upande huu. Buti za mpira na koti la mvua nunueni katika masoko ya Butembo kabla ya kuondoka, maana kukodi mlimani kwa siku mbili kunakaribia bei ya kununua, na buti itarudi nyumbani kufanya kazi shambani.

Tarehe ndizo zinazotupendelea. Rwenzori hunyesha mwaka mzima, lakini Desemba hadi Februari, na katikati ya Juni hadi Agosti, mvua hupungua. Sikukuu zetu zinaangukia humohumo: 16 na 17 Januari zinazofuatana, 30 Juni, 1 Agosti. Tafuteni mwaka ambao Januari 16 ni Ijumaa, mpate siku tatu bila kuomba ruhusa kazini. Aprili na Novemba maporomoko yana nguvu zaidi kwa macho, lakini njia ya Sine inageuka matope hadi magotini na mito ya chini inaweza kufunga barabara.

Mkiisha kuchagua, msilipe yote mapema. Lipeni sehemu, mpewe risiti yenye tarehe na orodha ya vilivyomo, na iandikwe wazi kwamba barabara ya Kasindi au mpaka ukifungwa, malipo yenu yatahamishiwa tarehe nyingine. Mwenye kambi asiyekubali kuandika sentensi hiyo kwa mteja anayetoka Beni au Butembo haielewi njia mnayopita kumfikia, na pesa yenu mpeni mwingine.