Azimio Lisiloamuru: Bunge la Taifa la Afrika Kusini na Hoja ya Kufunga Ubalozi wa Israeli, 2023

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mjadala wa Novemba 2023 ambapo Bunge la Taifa la Afrika Kusini lilipitisha azimio la kuitaka serikali ifunge ubalozi wa Israeli. Hoja ya msingi ni kwamba mjadala huo haukueleweka vyema kila uliposomwa kama ugomvi wa wanaoipenda Palestina na wanaoipenda Israeli. Wabunge walikuwa pia wakibishana, wakati mwingine bila kutamka wazi, juu ya nani mwenye kauli ya mwisho katika mambo ya nje ya nchi.

Utangulizi

Tarehe 21 Novemba 2023 Bunge la Taifa, ambalo ndilo chumba cha chini cha Bunge la Afrika Kusini, lilipiga kura juu ya hoja iliyoletwa na chama cha Economic Freedom Fighters (EFF) kinachoongozwa na Julius Malema. Hoja iliitaka serikali ifunge ubalozi wa Israeli na kusitisha mahusiano yote ya kidiplomasia na nchi hiyo. Chama tawala cha African National Congress (ANC) kiliiunga mkono baada ya kuifanyia marekebisho kupitia Mnadhimu Mkuu wake, Pemmy Majodina. Kura za kuunga mkono zilikuwa 248, za kupinga 91. Ibara ya 53 ya Katiba ya 1996 inataka jambo lisilo muswada lipigiwe kura wakati angalau theluthi moja ya wabunge wapo, yaani 134 kati ya 400, na liamuliwe kwa wingi wa kura zilizopigwa. Masharti yote mawili yalitimizwa kwa nafasi kubwa. Hata hivyo, ubalozi haukufungwa kwa nguvu ya azimio hilo.

Wachambuzi wengi wa habari waliliona pengo hili kuwa ama udanganyifu wa chama tawala ama udhaifu wa Bunge. Tafsiri zote mbili ni za haraka mno.

Mizizi ya mjadala

Uhusiano wa Afrika Kusini na Israeli hauanzii mwaka 1994. Aprili 1976 Waziri Mkuu John Vorster, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwekwa kizuizini kwa sababu ya uanachama wake katika kundi lililoielekea Ujerumani ya Kinazi, alipokewa rasmi Israeli. Ziara hiyo ilifuatiwa na ushirikiano wa kijeshi uliodumu zaidi ya muongo mmoja. Wakati huohuo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimeshavunja uhusiano na Israeli kufuatia vita vya Oktoba 1973, Tanzania ikiwa mojawapo. Kwa wapigania uhuru wa ANC waliokuwa uhamishoni Lusaka, Dar es Salaam na Morogoro, suala la Palestina halikuwa la mbali. Walilikuta katika mikutano, kambi na ofisi zilezile walimofanyia kazi zao. Nelson Mandela alikutana na Yasser Arafat jijini Lusaka mwezi Februari 1990, majuma machache tu baada ya kutoka gerezani.

Afrika Kusini huru iliitambua Palestina mwezi Februari 1995, lakini haikuvunja uhusiano na Israeli. Mandela mwenyewe, baada ya kuondoka madarakani, alizuru Israeli na Gaza mwezi Oktoba 1999. Sera iliyojengeka ilikuwa na miguu miwili: kuunga mkono haki ya Wapalestina kuwa na dola lao, na kuendelea kuzungumza na pande zote kwa lengo la mataifa mawili yaishiyo jirani. Katika mjadala wa 2023 kila upande ulidai kuwa mrithi halali wa sera hii, na kwa kiasi fulani kila upande ulikuwa sahihi, kwani kila mmoja ulishika mguu wake.

Shinikizo la kuukata mguu wa pili lilitoka ndani ya ANC kwanza. Mkutano Mkuu wa 54 wa chama hicho, uliofanyika Nasrec mwezi Desemba 2017, uliazimia kwamba ubalozi wa Afrika Kusini nchini Israeli ushushwe hadhi na kuwa ofisi ya mawasiliano. Mei 2018, baada ya waandamanaji wengi kuuawa katika mpaka wa Gaza, balozi Sisa Ngombane aliitwa nyumbani, na hakupelekwa balozi mwingine. Machi 2023, miezi kadhaa kabla ya vita vilivyofuata shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba, Bunge lilikuwa limeshapitisha hoja ya chama kidogo cha National Freedom Party ya kushusha hadhi ya ubalozi huo. Kwa hiyo hoja ya Novemba haikuanzisha safari, iliikuta njiani.

Kilichobishaniwa

Ni muhimu kuangalia hali halisi ya ubalozi ilivyokuwa siku ya kura. Tarehe 6 Novemba serikali ilikuwa imetangaza kuwaita nyumbani wanadiplomasia wake wote walioko Tel Aviv kwa mashauriano. Tarehe 17 Novemba Afrika Kusini, pamoja na Bangladesh, Bolivia, Komoro na Jibuti, ilikuwa imepeleka suala la Palestina mbele ya Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Tarehe 20 Novemba, siku moja kabla ya kura, Israeli nayo ilimwita nyumbani balozi wake, Eliav Belotserkovsky. Na siku ileile ya kura Rais Cyril Ramaphosa alikuwa akiongoza kikao cha dharura cha viongozi wa BRICS kuhusu Gaza kwa njia ya video. Wabunge, basi, walikuwa wakijadili kufunga mlango ambao watu wa pande zote mbili walikuwa wameshautoka. Kilichobaki ni jengo, watumishi wachache, na swali la kisheria.

Waliounga mkono waliegemea zaidi hoja ya mfanano. Vizuizi vya barabarani, vibali vya kupita, ardhi iliyokatwa vipandevipande: mambo haya yalisomwa kwa kamusi ya ubaguzi wa rangi, na kutoka hapo ikadaiwa kwamba nchi iliyookolewa kwa vikwazo vya wengine haina ruhusa ya kuwanyima wengine silaha hiyohiyo. Hoja hii ina nguvu kubwa ya kihisia na pia msingi wa kihistoria, kwa kuwa kutengwa kidiplomasia kulichangia kweli kudhoofika kwa utawala wa Pretoria. Udhaifu wake ni kwamba vikwazo vile vilikuwa vya pamoja na vya kiuchumi. Kufunga ubalozi mmoja hakugusi biashara, na azimio lililopitishwa lilihusu mahusiano ya kidiplomasia.

Upande wa pili ulioongozwa na Democratic Alliance (DA), pamoja na vyama kama Freedom Front Plus na African Christian Democratic Party, haukuwa na sauti moja, jambo ambalo taarifa nyingi zililipuuza. Chama cha mwisho kilichotajwa hutetea Israeli kwa misingi ya imani ya Kikristo. DA, kwa upande wake, inakiri suluhisho la mataifa mawili kama ANC, na pingamizi lake lilikuwa la nyenzo: nchi isiyo na ubalozi haiwezi kupatanisha, wala kuwahudumia ipasavyo raia wake walioko huko. Hapa panahitaji kuongezwa jambo moja. Afrika Kusini ina ofisi ya uwakilishi Ramallah, na njia za kuifikia Ramallah ziko chini ya udhibiti wa Israeli. Kuvunja uhusiano na Tel Aviv kungeweza kumfanya mtetezi wa Palestina ashindwe kufika Palestina. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya azimio, nayo haitegemei upendo wowote kwa serikali ya Israeli.

Pia siasa za ndani zilikuwapo. Uchaguzi mkuu ulikuwa unakaribia, ukafanyika tarehe 29 Mei 2024. EFF ilikuwa imekiweka chama tawala mahali pagumu: kupinga hoja kungekuwa kukana azimio la Nasrec, kuiunga mkono kama ilivyo kungekuwa kukubali kuburuzwa na mpinzani. Marekebisho ya Majodina yalikuwa njia ya kutokea. Yalifungamanisha kufungwa kwa ubalozi na muda, yakisema hatua hiyo idumu mpaka Israeli ikubali kusitisha mapigano na kujifunga katika mazungumzo yanayosimamiwa na Umoja wa Mataifa ili kupata amani ya haki na ya kudumu. Neno «mpaka» lilibadili sura ya jambo zima. Adhabu ikawa sharti. Na sharti, tofauti na adhabu, huacha nafasi ya kurejea.

Nguvu ya azimio

Katika nadharia ya tendausemi iliyoasisiwa na J. L. Austin, tamko hutenda jambo pale tu masharti yake yanapotimia, na mojawapo ya masharti hayo ni kwamba msemaji awe na mamlaka juu ya jambo analolitamka. Mtazamo huu unasaidia kutofautisha maazimio ya Bunge ambayo kwa nje yanafanana. Chini ya Ibara ya 102 ya Katiba ya Afrika Kusini, Bunge la Taifa likipitisha kwa wingi wa wajumbe wake hoja ya kutokuwa na imani na Rais, Rais lazima ajiuzulu. Tamko hilo linamaliza kazi. Kwa upande mwingine, Ibara ya 84 inampa Rais jukumu la kuwapokea na kuwatambua wawakilishi wa kidiplomasia wa nchi za nje, na la kuteua mabalozi. Ibara ya 55 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia serikali, na Ibara ya 92 inawafanya mawaziri wawajibike kwa Bunge. Usimamizi si utendaji. Azimio la Novemba lilikuwa ombi lenye uzito wa kisiasa, lililotamkwa na chombo kisicho na mamlaka ya kufunga ubalozi wowote. Ofisi ya Rais ilijibu kwa mantiki hiyohiyo: iliupokea ujumbe wa Bunge, ikakumbusha kwamba uamuzi ni wa serikali.

Mahakama za nchi hiyo zimekwisha kugusa mpaka huu mara mbili, kutoka pande tofauti. Machi 2016, katika shauri lililofunguliwa na EFF kuhusu makazi ya Rais Jacob Zuma ya Nkandla, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba azimio la Bunge lililomwondolea Rais wajibu wa kutekeleza maagizo ya Mlinzi wa Umma lilikwenda kinyume cha Katiba. Bunge, kwa maneno mengine, haliwezi kufuta wajibu wa kikatiba kwa azimio. Februari 2017, katika shauri lililofunguliwa na DA, Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba serikali haikuwa na uwezo wa kutoa notisi ya kujitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bila idhini ya awali ya Bunge. Hapo Bunge lilishinda, kwa sababu mkataba ule ulikuwa umeridhiwa na Bunge lenyewe. Inastahili kutajwa kwamba chama kilichotetea sauti ya Bunge katika mambo ya nje mwaka 2017 ndicho kilichoongoza upinzani mwaka 2023. Huenda hakuna kujipinga hapo kisheria, kwa kuwa mkataba na ubalozi ni vitu viwili. Kisiasa, mbunge anayetaka Bunge lisikike katika mambo ya nje anapaswa kukubali kwamba siku nyingine litasema asichokipenda.

Mgawanyo kama huu si mgeni Afrika Mashariki. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 63, inalipa Bunge uwezo wa kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, lakini kufungua ubalozi, kama ule wa Tel Aviv uliofunguliwa mwaka 2018, ni kazi ya serikali.

Baada ya kura

Tarehe 29 Desemba 2023 Afrika Kusini iliishtaki Israeli katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa kutumia Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948. Mahakama iliamuru hatua za muda tarehe 26 Januari 2024. Yapo maoni kwamba azimio la Bunge ndilo lililosukuma mashtaka hayo. Hakuna kitu katika maneno ya azimio kinachoyataja, na ni salama zaidi kusema kwamba yote mawili yalitoka katika shinikizo moja. Tofauti yake ni ya kufundisha: njia ya mahakama ilikuwa mikononi mwa serikali tangu mwanzo hadi mwisho, wala haikuhitaji kura ya mtu.

Uchaguzi wa Mei 2024 uliipunguza ANC hadi viti 159, ikalazimika kuunda serikali ya umoja wa kitaifa pamoja na DA na vyama vingine, vikiwamo vilivyopinga hoja ya Novemba. Wizara ya mambo ya nje ilibaki kwa ANC chini ya Ronald Lamola, na hoja za maandishi za shauri la The Hague ziliwasilishwa tarehe 28 Oktoba 2024 wakati DA ikiwa ndani ya Baraza la Mawaziri. Bunge lililopiga kura 248 dhidi ya 91 lilikuwa limekwisha muda wake. Azimio lake halikufutwa na kura nyingine, wala halikutekelezwa; na usitishaji mapigano ulipopatikana Gaza mwezi Januari 2025, kisha ukavunjika mwezi Machi, haukugusa chochote Pretoria, kwa kuwa sharti la «mpaka» lilikuwa limewekwa juu ya mlango ambao kisheria haujawahi kufungwa.