Phyllanthus amarus na Umanjano wa Macho

Phyllanthus amarus ni mmea mdogo, kwa kawaida haufiki hata magotini, unaojiotea mashambani na kandokando ya njia katika nchi nyingi za joto, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo, na ambao mkulima huung'oa kama gugu lolote. Anayekipindua kijitawi chake huona chini ya majani vijitunda vya kijani, vya mviringo, vimejipanga mstari mmoja, na hiyo ndiyo alama yake.

Kusini mwa India mmea huo husagwa mbichi na kunywewa kutibu umanjano, yaani hali ya macho na ngozi kugeuka rangi kwa sababu ini limeshindwa kuondoa bilirubini, ambayo ni masalia ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Sifa hiyo ilimvuta Baruch Blumberg, mwanasayansi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1976 na ambaye ndiye aliyegundua virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 1988 yeye na wenzake wa Madras, ambayo leo ni Chennai, walieleza katika jarida la The Lancet kwamba kati ya wabebaji 37 wa virusi hivyo waliomeza unga wa mmea kwa siku 30, 22 hawakuonekana tena na protini ya gamba la virusi katika damu, ilhali kati ya 23 waliopewa dawa bandia ni 1 tu. Yalikuwa matokeo ya kustaajabisha, kwa kuwa mbebaji wa muda mrefu ni nadra kuondokewa na virusi. Hata hivyo, majaribio yaliyofanywa baadaye Thailand na New Zealand hayakuyapata.

Hiyo haina maana kwamba waganga waliousifu mmea huo walidanganya. Umanjano unaoletwa na homa ya ini aina ya A kwa kawaida huisha wenyewe baada ya wiki kadhaa, hata mgonjwa angekunywa maji matupu, lakini aina ya B inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kubadili rangi ya macho, huku ikilitia ini makovu na hatimaye saratani. Mganga alipima rangi. Maabara ilipima virusi. Kwa hiyo anayetumia mmea huu bado anahitaji kipimo cha damu, na akikutwa na aina ya B iliyokwisha kuanza kulidhuru ini, hospitali humpa dawa kama tenofoviri, ambayo huvidhibiti virusi ingawa mara chache huvimaliza.